Kabla hujapanda hiyo meli

Shoga yangu Mama Nuru,

Salama hapo Minnesota? Baridi imewashinda ama bado mwakaza? Huku Houston tumevaa sweta siku mbili tu watu washaanza kulia. Voisi yako nliisikiza jana nikitoka shifti ya usiku, nikairudia mara mbili, alafu nikasema hii siijibu kwa voisi, nakaa chini naandika, maana maneno nnayo mengi na mwisho nna ombi.

Kwa hivo safari imeiva, mwezi wa pili mwashuka hapa, mwalala kwangu, asubuhi bandari ya Galveston mwapanda meli. Mashallah. Nimefurahi mpaka nimempigia mama kumwambia. Na umeniuliza zawadi ununue wapi na ubebe pesa ngapi, kwa sababu ndugu washaanza kutuma oda hata tiketi haijakauka wino, hilo nalijua, mi pia walinitumia nlipokwenda safari kama hiyo.

Pesa ngapi siwezi kukupangia. Ila beba noti ndogo ndogo za dola, za moja na za tano, safi, zilizochanika huwa wanazikataa. Dola zinapokelewa kote mtakaposhuka, lakini ukilipa kwa dola chenji yarudi kwa peso ya Meksiko ama lempira ya Honduras kwa hesabu anayoitaka mwenye duka. Ukitumia kadi kile kimashine kitakuuliza ulipe kwa dola ama kwa peso, wewe bonyeza peso, ukibonyeza dola unabadilishiwa hapo hapo kwa bei mbaya na wala hutajua, utaona tu kwa stetimenti.

Lingine ni saa. Hii ilitutatiza sana. Cozumel, kisiwa cha Meksiko, wakati huu wa baridi iko saa moja mbele ya Texas, na meli yetu ilibaki na saa za Texas, sasa simu inajibadilisha yenyewe ukishuka, na mimi bado kichwani nasoma saa za Kiswahili, kwa hivo nlikuwa na saa tatu tofauti. Tuliambiwa mwisho wa kupanda saa kumi kwa saa za meli, nikaangalia simu nikaona saa tisa unusu, nikamwacha mzee wa watu tuko katikati ya kupatana bei ya hamoki, ile bembea ya kamba ya kulalia, tukakimbia, kufika gatini tunaambiwa bado saa nzima na zaidi. Ile hamoki bado naiota. Uliza saa ya meli kabla hujashuka na uiandike kwa karatasi, basi.

Sasa maduka. Sisi tulianzia Costa Maya, bandari nyingine ya Meksiko, na hapo ndo nlikosea. Ukitoka melini unatembea kwa gati refu hadi mwisho, unaingia moja kwa moja kwenye kijiji cha maduka kilichojengwa kwa ajili ya watu wa meli, kuna bwawa la kuogelea, kuna muziki, kila kitu kinang'aa. Nikanunua pochi sita za nakshi za rangi, dola nane nane, nikajua nishamaliza wasichana wa kazini na dada zangu. Usiku kwa kabini nikageuza moja ndani nje, nikakuta kilebo kimekatwa nusu, na herufi zilizobaki zaonyesha imeshonwa Asia huko, bahari mbili kutoka hapo. Nlikaa kitandani nikanyamaza. Si dola 48 zilizoniuma. Ni kwamba mimi, katika watu wote wa meli ile, nlifaa kujua.

Si waikumbuka meza ya mama pale karibu na Fort Jesus? Tulikuwa tunatoka shule tunaenda kumsaidia kupanga, wewe ulikuwa wapenda kupanga vifaru, mimi twiga kwa sababu wanaanguka anguka. Vinyago vya Wakamba na mawe ya Kisii. Ikisikika kuna meli ya watalii inaingia Kilindini mama halali, anapaka mafuta kila kinyago mpaka usiku wa manane, alfajiri mkokoteni. Alafu wale wageni wanapitishwa kwa basi, wana masaa mawili, wanashushwa kwa duka kubwa ambalo dereva na mtembeza watalii wanakula kamisheni, wanatoka na mifuko imejaa, wanapita mbele ya mama wakiwa washamaliza pesa. Wanatabasamu tu. Mama naye anatabasamu. Nliichukia sana ile tabasamu yake.

Na meli za huku ni vivo hivo, Mama Nuru. Ukiwa bado baharini kuna mtu kazi yake ni kuwaeleza habari za shopingi, anawapa na ramani ya maduka yaliyopendekezwa. Yale maduka yamelipa ili yawe kwenye ile ramani. Si kwamba ni wezi, vito vyao ni vito na risiti wanatoa, lakini ndo maana kila bandari unaona majina yale yale, almasi zile zile, tanzanaiti ya Mererani imesafiri mpaka Karibiani inamngoja mtu aliyetoka Texas. Mi nlisimama mbele ya lile kabati la tanzanaiti nikaona jina la kwetu limeandikwa vizuri, na roho ikaniuma. Wewe ile ramani ikunje uweke mkobani, ukitoka geti la bandari tembea dakika kumi au kumi na tano mbele, barabara ya pili ya tatu kutoka baharini, ndo utaanza kuona watu wanaokaa pale kweli.

Cozumel mjini wanapaita San Miguel, na pale ukivuka zile barabara za mbele kuna vitu. Fedha ya Meksiko, ile ya vito, ni nzuri, ina sifa tangu zamani, tafuta muhuri wa 925 umepigwa kwenye chuma chenyewe si kwenye kikaratasi. Mtu akikwambia hii ni alpaca, jina tamu lakini hamna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli na zinki. Nlimkumbuka mama anavyofundisha kujua mpingo, chukua kitambaa kibichi sugua chini ya kinyago, kikitoka cheusi basi huo ni mti wowote umepakwa kiwi ya viatu, na ukikitia kwa ndoo ya maji mpingo wa kweli unazama. Kila soko lina kitambaa chake kibichi, wewe uliza tu wenyeji.

Vanila sasa, maana najua hiyo ndo oda ya mama yako ya keki. Vanila asili yake ni Meksiko, watu wa Totonaki kule Papantla jimbo la Veracruz ndo waliilima miaka na miaka kabla dunia nzima haijaijua. Hii tunayopata Madagaska na Uganda ilikuja baadaye, na iliweza kuzaa huku kwetu kwa sababu ya mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, miaka 12, ambaye mwaka 1841 alionyesha jinsi ya kuchavusha ua kwa mkono na kijiti, na mpaka leo wanafanya hivo hivo ua moja moja. Ndo maana ni ghali. Kwa hivo ukiona chupa kubwa kama ya juisi inauzwa dola chache, pita. Zingine zinatiwa dondoo ya mbegu za tonka, inanukia kama vanila lakini ina kemikali ya kumarini, na Marekani wameipiga marufuku kwenye chakula tangu 1954 kwa ajili ya ini. Soma nyuma ya chupa, ikiwa imeandikwa vanila, maji na alkoholi basi ni sawa. Na hapo kwa alkoholi najua utasita, na vanila ya chupa ya kweli ni kama asilimia 35, kwa hivo nyinyi nunueni maganda yenyewe, marefu, meusi, laini yanakunjika bila kuvunjika, yamefungwa kwa kijichupa cha glasi. Mama yako atapasua na kisu akwangue zile mbegu. Nyumba nzima itanukia.

Vitu ambavyo usiguse. Bangili na vichana vya gamba la ng'amba, yule kasa, hata akikwambia ni vya zamani vya bibi yake, ng'amba ni yule yule wetu wa Watamu na Kiunga na biashara yake imekatazwa dunia nzima, forodha watachukua. Marijani nyeusi pia, Cozumel zinauzwa sana kwenye mikufu, zataka vibali. Matunda mabichi na nyama usijaribu. Mengine yote yatajeni tu kwa forodha msiogope, kila mtu ana msamaha wa ushuru kwa vitu vya dola 800 na nyinyi hamtafika huko, ila weka risiti pamoja.

Roatán nimeiweka mwisho makusudi.

Ni kisiwa cha Honduras, na meli zinatia nanga sehemu mbili, sisi tulishushwa upande wa Coxen Hole. Wenzangu watatu wa kazini nikawashawishi tuchukue teksi twende Punta Gorda, upande wa pili wa kisiwa, safari inapita nusu saa, tukapatana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kuingia garini na tukamwambia dereva saa ya meli. Hili shika sana, ukienda na safari ya meli yenyewe na mkachelewa, meli itawangoja, ukienda kivyako ikifika saa yake inaondoka.

Punta Gorda ni kijiji cha Wagarifuna. Mi habari zao sikuwa nazijua. Ni watu waliotokana na Waafrika na wenyeji wa visiwa vya Karibiani, walikuwa St. Vincent, wakapigana na Waingereza, walipozidiwa wakapakiwa kwenye meli wakaja kutupwa Roatán, tarehe 12 Aprili 1797, zaidi ya 2,000 waliofika hai, na wengi walikuwa washakufa kabla hata ya safari. Kutoka hapo wakasambaa pwani yote mpaka Belize na Guatemala. Lugha yao ipo mpaka leo na ngoma zao zipo. Sasa ebu fikiria mimi nashuka kwa teksi, naona wamama wamejifunga vitambaa kichwani, nasikia harufu ya nazi inachemka, naona rundo la muhogo uani. Miguu iliniishia nguvu. Wenzangu wanapiga picha za bahari, mimi naangalia muhogo.

Wana mkate wa muhogo wanauita ereba, mwembamba, mkubwa kama sinia. Muhogo wao ni ule mchungu wenye sumu, kwa hivo unakunwa kwenye ubao uliopachikwa vijiwe vidogo vidogo, alafu unatiwa kwenye kitu wanakiita ruguma, mfuko mrefu wa kusukwa, umekaa kama nyoka, unatundikwa juu na chini unatiwa uzito, unavutika unajikaza, maji ya sumu yote yanachuruzika. Ukiulegeza unarudi kuwa mfupi mnene. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kibarazani anasuka kijiruguma kidogo cha kutundika ukutani, urefu wa mkono, akaniona nimeduwaa, akaniita kwa mkono nikae. Kiingereza chake kizuri, cha visiwani. Nikamwambia kwetu pia tunakula muhogo na samaki wa nazi, akacheka akanishika kidevu.

Akataja bei, dola 25. Mwenzangu akaninong'oneza omba punguzo, anza kwa kumi. Nikakataa, Mama Nuru. Kupatana bei mi nakupenda unanijua, lakini nlikuwa nishaona vidole vyake vilivyokatikakatika na zile nyuzi. Nikamlipa zote, nikanunua na ereba mbili za dola tatu tatu, tukapiga picha mimi na yeye, ruguma katikati yetu. Hicho ndo kitu pekee nlichokirudisha nyumbani ambacho kila mgeni akiingia nakionyesha. Zile pochi sita sikumpa mtu, ziko chini ya kitanda.

Sasa ombi. Nlipofika nilimtumia mama ile picha Changamwe. Akaitazama muda mrefu, akanipigia. Unajua mama kila kinyago alikuwa anaandika chini kwa penseli namba ya fundi aliyekichonga, hata cha shilingi ishirini. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Aliyesuka anaitwa nani?" Nikakaa kimya. Nlikaa na yule mama karibu saa nzima, nikala kwake, nikashikwa kidevu, na jina sikuuliza. Haraka ya meli ilinila.

Meli yenu inapita Roatán, nimeangalia. Picha nimeitoa kopi kubwa, iko hapa kwa meza ya jikoni ndani ya bahasha ngumu isikunjike, utaichukua mkilala kwangu. Nyumba ni ya bluu, baraza la mbao linaangalia bahari, na kando yake kuna jiko la kuni lenye bati kubwa la duara la kuokea ereba. Dereva yeyote akiona picha atamjua. Mpe, umwambie ni ya yule aliyesema kwao pia wanakula muhogo. Umuulize jina lake, na anavyoliandika yeye mwenyewe, aliandike nyuma ya ile kopi ndogo nitakayokupa, nimpelekee mama.

Na beba sweta, melini usiku kuna upepo.

Wako,
Mama Kevo