Kiuno Kinauma, Vidole Vinakufa Ganzi: Tukague Kwanza Kiti cha Baiskeli Yako

Wateja wengi wa karakana yetu hapa Mtwara huleta baiskeli kwa ajili ya breki au cheni, na ni pale tu fundi anapowauliza habari za safari ndipo wanapotaja kwamba kiuno kinawauma. Baadhi yao wamejipaka dawa ya kuchua kwa miezi kadhaa, kumbe chanzo ni nati moja iliyo chini ya kiti.

Hivi karibuni alifika mchuuzi wa samaki atokaye Mikindani kila alfajiri na tenga kwenye keria, akilalamikia ganzi ya msamba pamoja na maumivu ya kiuno. Ncha ya mbele ya kiti chake ilikuwa imeinuka, kwa kuwa chuma kinachoshika kiti kilikuwa kimelika meno, naye alikuwa amekikaza kwa kipande cha tyubu. Kiti kikikaa hivyo, uzito huhama kutoka kwenye mifupa ya makalio na kugandamiza msamba, ambamo hupita mishipa ya damu na ya fahamu ya sehemu za siri. Na mpandaji, akijaribu kuikwepa ile ncha, huendesha safari nzima akiwa amepinda mgongo. Tulibadilisha chuma hicho na kukilaza kiti sawasawa.

Urefu wa kiti nao hupimika kwa urahisi. Keti huku mwenzako ameishika baiskeli, kisha weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kiti kilichozidi urefu huifanya nyonga iyumbe kulia na kushoto kila unapokanyaga, na kiuno ndicho kinachoumia. Kilichozidi ufupi huumiza magoti. Kwa mtu mfupi aliyenunua fremu kubwa, ambaye kiti kimeshushwa hadi mwisho na bado hafiki, hatumfichi: fremu haipunguzwi kwa spana.

Ganzi ya kidole cha pete na cha mwisho mara nyingi hutokana na kuegemea usukani ulio mbali au chini mno, kwani mshipa wa fahamu uitwao alna hugandamizwa kwenye kiganja. Tunainua usukani, nawe ulegeze viwiko na kubadili mshiko mara kwa mara. Kwenye kilima, mwenye gia atumie nyepesi. Asiye nazo, tena ana gunia la mkaa nyuma, ashuke asukume, wala si aibu.

Ikiwa mguu unapoteza nguvu, au huwezi kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukija kupimwa, vaa viatu unavyoendeshea kila siku, na kama hubeba mzigo, njoo nao, kwa sababu mkao wa mtu mwenye tenga nyuma si ule wa mtu asiyebeba kitu.