Barua kwa mwanangu kuhusu kiuno cha sentimita 104

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Muheza. Sote tu wazima na shangazi yako anakusalimu. Nimeipata picha ya karatasi ya vipimo mlivyofanyiwa kazini, nami nimeisoma kama nilivyozisoma karatasi za wagonjwa wangu nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari: uzito kilo 96 kwa urefu wa mita 1.72, kiuno sentimita 104, presha 138 kwa 88, na sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4. Chini yake umeniandikia, "Hakuna ugonjwa, mama." Ni kweli, huna ugonjwa uliokwisha kupewa jina, kwa kuwa kisukari hutajwa sukari ya asubuhi inapofika 7.0, na presha inapofika 140 kwa 90. Hata hivyo, namba zako zote zinaelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu utacheka na kuniambia nisiwe na wasiwasi.

Naanza na kiuno, kwa sababu ndicho kipimo ambacho watu hukipuuza. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, mwanamume akivuka sentimita 94 amekwisha kuingia katika hatari, na akivuka 102 hatari hiyo huwa kubwa zaidi. Kwa wanawake mipaka hiyo ni 80 na 88. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ametoa pumzi kwa kawaida, wala si pale mkanda unapokaa chini ya kitambi, kwa hiyo usiniambie kwamba suruali yako bado ni ya namba ileile.

Mafuta yanayokaa chini ya ngozi, mapajani na makalioni, hayana ubaya mkubwa yakilinganishwa na yale yanayojikusanya ndani ya tumbo na kuzunguka matumbo, ini na kongosho. Daktari Mfaransa Jean Vague aliandika tangu mwaka 1947 kwamba unene wa sehemu ya juu ya mwili una hatari kuliko ule wa mapajani na makalioni. Mafuta hayo ya ndani huachilia asidi zake katika damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa mafuta haliitii tena ipasavyo insulini, yaani homoni ya kongosho inayoshusha sukari katika damu, bali huendelea kumwaga sukari katika damu hata wakati mtu amelala na hajala kitu. Sukari yako ya alfajiri imepanda kwa njia hiyo, wala si kwa sababu ya chakula cha jana yake peke yake. Kongosho hujitahidi kutoa insulini zaidi na zaidi kwa miaka, mpaka linashindwa. Figo nazo hushikilia chumvi, presha hupanda, na mishipa ya moyo na ya ubongo huanza kuharibika. Saratani nayo imo: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitaja aina 13 zinazohusiana na mafuta ya mwili yaliyozidi, zikiwemo za ini, utumbo mpana na kongosho.

Mimi lakini nilichokiona zaidi ni miguu. Siku moja alifika mwanamume wa makamo, mpasua mbao, kwa sababu ya kidonda kisichopona. Nilipoigeuza ndala yake ya kulia nikakuta kichwa cha msumari kwenye soli, na ncha yake ilikuwa imeingia kisiginoni, naye alikuwa ametembea nao kutoka stendi akizungumza na mwenzake kama kawaida. Sukari ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya nyayo zake muda mrefu kabla hajapimwa hata mara moja, na mguu ule ulikatwa chini ya goti. Alikuwa na kitambi kama chako, na watu walimwita bosi.

Najua kwamba kwenye harusi ya binamu yako kila mtu alikuambia umenawiri, na siwalaumu. Kizazi chetu kiliuona wembamba kuwa ni dalili ya njaa, kisha ukaja UKIMWI na kumfanya kila aliyepungua aulizwe kwa kunong'onezwa anaumwa nini. Ukianza kupungua watakuuliza wewe pia. Waache waulize.

Sukari iliyo kwenye 6.4 bado inaweza kurudi chini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa na hali kama yako. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa dawa ya metformin waliupunguza kwa asilimia 31. Kwa kilo zako 96, asilimia 7 ni kama kilo 7 tu. Anza na vinywaji, kwani soda moja ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane vya chai vya sukari, nawe unakunywa mchana na jioni. Chipsi mayai za usiku, baada ya foleni, ziache kabisa. Kula ugali wa dona wa kiasi, na mboga za majani na maharage au dagaa vichukue nafasi kubwa ya sahani. Mwezi wa Ramadhani nao si likizo ya kupungua, kwa jinsi tunavyofuturu kwa tambi za sukari na maandazi. Zile chai za kuondoa kitambi zinazouzwa mitaani usizinunue; nyingi humharisha mtu tu, akapoteza maji huku mafuta yakibaki palepale.

Baada ya miezi mitatu nenda hospitali ukapime tena, si sukari ya asubuhi peke yake bali na ile ya wastani wa miezi mitatu, mafuta katika damu na mkojo, na uwaeleze kwamba babu yako mzaa baba alikuwa na sukari. Mkeo ameniambia pia kwamba unakoroma sana na kwamba wakati mwingine pumzi hukatika kidogo usingizini. Mweleze daktari jambo hilo mwenyewe, kwa sababu halimo kwenye karatasi ya vipimo, na kukatika kwa pumzi namna hiyo usiku huipandisha presha.

Akupendaye,
Mama yako