Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliopima Umeme wa Matangi Yetu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita wenzetu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema jambo lile lile: samaki bado wanawapenda, ila LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, imewashinda. Mmoja alikuwa ameshauza tangi lake hata kabla hatujaketi. Nilirudi nyumbani usiku ule na uzito moyoni. Chama cha wafugaji wa samaki wa maji chumvi kwenye matangi ya vioo majumbani, hapa Dar es Salaam, kikishindwa kumsaidia mwanachama abaki na samaki wake, tunakutana kwa ajili gani? Ndiyo maana taarifa yangu ya mwaka huu, kwa sehemu kubwa, ni taarifa ya umeme.

Mengine nayapitia upesi. Tumemaliza mwaka tukiwa wanachama 19. Kamati ilikutana mara sita. Maji ya bahari tulikwenda kuchota pamoja mara nne, kila mara wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina mwenyewe, nami nimeziona na kuzikubali.

Sasa umeme. Mliidhinisha tununue kipima umeme cha plagi, kile kinachochomekwa kwenye soketi halafu pampu au taa inachomekwa juu yake. Kimezunguka nyumba 14, wiki moja kila nyumba. Kabla yake kila mtu alikuwa anakisia, na wengi wetu tulikisia vibaya. Tulidhani taa ndizo zinazokula, kwa kuwa ndizo zinazoonekana.

Tukubaliane kwanza kupima kwa uniti, tuache kupima kwa shilingi. Wengi wetu tuko kwenye daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika shilingi 356 na senti kidogo. Ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti 28. Lakini ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa pia kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na uniti zinashuka hadi karibu 24. Dada yetu mmoja wa Sinza alikuwa anailaumu pampu mpya kila tarehe mosi, kumbe pampu haina kosa lolote.

Kuna hesabu moja ningependa kila mwanachama aikariri. Wati moja inayofanya kazi usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 0.72, yaani shilingi 256 hivi. Basi pampu ya wati 40 isiyozimwa ni shilingi 10,000 na zaidi kwa mwezi. Ukiwa dukani umeshika pampu mbili, moja ya wati 40 na nyingine ya wati 20 inayosukuma maji yale yale, tofauti ya bei kati yao unaweza kuigawa kwa 5,100 ukajua ni miezi mingapi hadi ile ya ghali ijilipe.

Nyumba iliyotufundisha zaidi ni ya mwenzetu wa Tabata. Tangi lake ni la lita 400, zuri, limekaa sebuleni juu ya kabati la mbao. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, joto la sebule nyuzi 31. Chila, mashine ya kupoza maji, aliificha ndani ya kabati na milango miwili akaifunga ili sebule ipendeze. Nilipofungua mlango mmoja joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya ubwabwa. Tuliweka kipimajoto humo ndani kikasoma 43. Chila ilikuwa inavuta hewa ile ile ya moto iliyotoka kuitema yenyewe. Kipima kilituonyesha kwamba chila hiyo ya wati 300 inafanya kazi saa 14 kwa siku, uniti 4.2 kila siku inayopita.

Tulitoboa ukuta, tukaitoa chila hadi baraza la nyuma kwenye kivuli, tukaunganisha mipira. Hatukugusa kingine chochote. Wiki iliyofuata ikashuka hadi saa tisa kwa siku.

Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo hela zetu zinapopotea. Umeme wote unaoingia kwenye pampu iliyozama majini, karibu wote, mwisho wake ni joto ndani ya maji. Taa nazo zinaongeza lao. Chila inalitoa joto hilo majini na kulimwaga chumbani. Kama chumba kina kiyoyozi, kiyoyozi kinalichukua tena na kulitoa nje. Joto lile lile unalilipia mara tatu. Mwenzetu aliye nchi ya baridi pampu yake inamsaidia hita kupasha maji, kwa hiyo umeme ule haupotei wote. Sisi wa pwani tunasoma maelekezo yao, tunanunua vifaa vyao, tunaweka nyuzi zao 25, kisha tunashangaa.

Bahari yetu yenyewe haikai nyuzi 25 mwaka mzima. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, inakaribia hapo. Kaskazi ikikolea inapanda hadi 29. Samaki wa huku wamezaliwa ndani ya mabadiliko hayo. Kinachowaumiza ni maji kupanda na kushuka ghafla ndani ya siku moja. Pale Tabata tuliipandisha chila kutoka 25 hadi 27, nusu nyuzi kila baada ya siku mbili. Chumba kikiwa 31, pengo kati ya hewa na maji linatoka nyuzi sita hadi nne, kwa hiyo joto linalopenya kwenye vioo linapungua kwa theluthi.

Halafu tukafunga feni. Ni feni ndogo za kompyuta, mbili, jumla wati 10, zinazopuliza juu ya maji kwa mshazari. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.67. Tangi lile likawa linapoteza lita nne zaidi kwa siku, yaani joto la uniti 2.7, na feni zenyewe zinakula uniti 0.24 tu. Chila ingehitaji uniti moja au zaidi kufanya kazi hiyo hiyo. Niseme ukweli pia kwamba masika yakianza na hewa ikajaa unyevu, feni zinapungua nguvu sana. Chila isiuzwe.

Maji yanayopungua yajazwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Mwanachama mmoja alijazia maji ya bahari kwa wiki tatu, akakuta kipimo cha chumvi kimepanda kutoka 1.025 hadi 1.029. Chumvi haigeuki mvuke, inabaki tangini.

Mwishoni tulibadilisha pampu kuu kutoka wati 40 hadi 20, na taa tukazipunguza kutoka wati 120 kwa saa tisa hadi wati 90 kwa saa saba. Hilo liliwezekana kwa sababu matangi yetu ni ya samaki na mawe. Katiba yetu hairuhusu matumbawe yaliyovunjwa baharini, na naomba iendelee hivyo. Matokeo: tangi lililokuwa linakula uniti 215 kwa mwezi wa joto, shilingi 76,600 hivi, sasa linakula 95, shilingi 33,800 hivi. Chila inawaka saa tatu tu kwa siku. Mwenzetu huyo ni mmoja wa wale watatu waliosimama mwaka jana. Samaki wake wapo, na tangi haliuzwi tena.

Si kila mtu ana tangi la lita 400, na si kila mtu alihitaji. Kijana wetu wa Mbagala yuko daraja la D1, la watumiaji wadogo, anatumia uniti 60 nyumbani, na alikuwa anachanga hela anunue tangi la lita 300. Tulikaa naye mezani na daftari. Tangi lake la sasa la lita 60, lenye pampu mbili ndogo na taa ya wati 20, linakula uniti 11. Jumla 71. Kwenye D1 uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na inayozidi hapo ni 350. Tangi kubwa lingemvusha mstari huo kila mwezi, na umeme wa familia nzima ungeguswa na samaki wake. Ameamua kubaki na tangi dogo na kulitunza vizuri. Mimi binafsi namheshimu kwa uamuzi huo kuliko ningemheshimu kwa kununua.

Nililopoteza mimi mwenyewe mwaka huu nalisema ili lisimpate mwingine. Umeme ulikatika saa nane usiku nikiwa nimelala. Nilipoamka saa kumi na mbili maji yalikuwa yametulia kama kioo, na samaki wangu wawili aina ya kangaja, niliokaa nao miaka minne, walikuwa chini wamekufa. Maji yasiyotikisika hayaingizi hewa, na kadiri yanavyokuwa ya moto ndivyo hewa inavyoyeyuka kidogo huku samaki wakihitaji zaidi. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika ingewaokoa. Mwenye uwezo afunge betri ya volti 12 ya 100Ah: ukitumia nusu yake tu, pampu ya mawimbi ya wati 20 inayokubali volti 12 moja kwa moja inaendelea zaidi ya saa 24. Taa, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) na chila zisubiri.

Jambo la usalama. Katika nyumba tatu kati ya 14 tulikuta ekstensheni imelazwa sakafuni chini ya tangi, na matundu yake yamejaa ukoko mweupe wa chumvi. Moja ilikuwa imeshaungua plastiki upande mmoja. Soketi ziinuliwe ukutani, waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena ili tone la maji lidondokee sakafuni lisifuate waya hadi kwenye plagi, na kila nyumba iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Nyumba zetu zina watoto.

Kamati inaleta maombi mawili mbele yenu. La kwanza, tununue kipima cha pili, kwani nyumba tano bado hazijapimwa na ningependa kila tangi lipimwe mara mbili, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. La pili, fedha tulizotenga kwa chakula cha jioni cha mwisho wa mwaka zinunue pampu za hewa za betri, zikae kwa Katibu, na mwanachama yeyote aazimwe bure mpaka apate yake. Najua chakula kile tunakipenda. Naomba mlijadili bila kunionea haya.

Kipima kilichopo kinakwenda Kigamboni Jumamosi hii, kisha Kimara. Atakayekipokea aandike uniti zinazosomeka kwenye mita ya LUKU asubuhi ya kwanza na asubuhi ya nane, pamoja na joto la chumba, na daftari lirudi pamoja na kipima.

Mwenyekiti