Waya mmoja ulitutosha, ruta ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaambie wazazi wenzangu wa Lindi na Mtwara jambo moja kabla hawajatoa fedha mfukoni. Watoto wakitaka kuunganisha kompyuta mbili ili wacheze pamoja, hakuna haja ya ruta, kile kifaa cha kugawia mtandao, wala bando. Waya unatosha.

Nina steshenari hapa Mtanda, Lindi. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia vijana maombi ya vyuo. Kompyuta zangu ni mbili, za mezani, za mtumba zote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwanangu wa kidato cha tatu na mtoto wa dada yangu anayekaa nasi walinishika masikio: wanataka kushindana kwenye mchezo wa magari, Need for Speed: Most Wanted ule wa mwaka 2005, kila mmoja na kompyuta yake. Nikaenda duka moja kuuliza. Nikaambiwa bila ruta kompyuta haziwezi kuzungumza, na ruta bila bando haina kazi. Nikatoa shilingi 75,000, na bando la mwezi juu yake.

Kufika nyumbani, ruta yenyewe ni ile ndogo ya kutia mfukoni, haina hata tundu moja la waya. Na kompyuta zangu hazina kipokezi cha waifai. Niliporudi dukani nikaambiwa ninunue na vipokezi viwili. Nilikataa, nikaondoka, na fedha ile iliniuma kwa sababu ilikuwa ya ada.

Ukaja Mei. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Maombi ya vyuo hayafunguki, wateja wanakuja wanarudi. Nikaona nimwite fundi anitengenezee printa, maana kazi nyingine hakuna. Ndiye aliyeiona ruta imelala juu ya rafu na kuniuliza ni ya nini.

Nilipomweleza, alitoa mkobani waya wa mtandao wa mita tatu. Akachomeka upande huu, akachomeka upande ule. Taa ya nyuma ya kompyuta haikuwaka. Vijana wakanyong'onyea, lakini fundi hakushtuka. Akakata kichwa kimoja cha waya, akachuna ganda, akanionyesha: ndani mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, chungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa chungwa, kijani na mwenzake, buluu, kahawia. Kwenye mashine kama zangu jozi moja ni ya kupeleka, nyingine ya kupokea. Waya ulionyooka, yaani wenye mpangilio mmoja wa rangi pande zote mbili, ukiunganisha kompyuta kwa kompyuta, mdomo unakutana na mdomo, sikio na sikio, hakuna anayesikia. Basi akabadilisha: jozi ya chungwa ikakaa mahali pa kijani, ya kijani ikakaa mahali pa chungwa, yaani uzi wa kwanza ukaenda wa tatu, wa pili ukaenda wa sita. Buluu na kahawia hakuzigusa. Akavika kichwa kipya, akabana kwa koleo lake, meno manane ya shaba yakashika. Alipochomeka, taa ya kijani ikawaka pande zote mbili.

Niseme hapa kwamba kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hujigeuza zenyewe, kwa hiyo mwenye mashine mpya aanze na waya wa kawaida kabla ya kukata chochote.

Ikabaki anwani, yaani namba ya kuitambulisha kila kompyuta kwa mwenzake. Ruta ingekuwepo ingezigawa yenyewe, lakini hata mkono unaweza. Moja aliipa 192.168.0.1, ya pili 192.168.0.2, na kwenye mstari unaofuata zote 255.255.255.0. Ile nafasi ya lango la kutokea wakaiacha wazi, maana hakuna pa kutokea. Wakafungua mchezo, wakachagua sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani, mmoja akaanzisha mashindano. Mwenzake haoni kitu! Kumbe ni fayawoli, yule mlinzi wa ndani ya Windows, amezuia mgeni asiyemjua. Mwanangu alitaka kumzima kabisa. Fundi akakataa, akasema mruhusu mchezo huu peke yake upite, mlinzi abaki kazini. Nawasihi vijana walishike hilo.

"Mama mdogo, zimeonana!" Mtoto wa dada yangu alipiga kelele mpaka jirani wa cherehani akaja kuchungulia. Fundi alinidai shilingi 5,000, waya na kazi.

Tangu siku ile waya huo naufanyia kazi mwenyewe mchana. Faili za wateja nazihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kuchomeka flashi, na flashi za wateja ndizo zilizokuwa zikiniletea virusi kila wiki.

Kwa mashine tatu au zaidi sibishi, hapo itatakiwa swichi, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, au ruta yenye matundu. Lakini kwa mbili, muuzaji anayemwambia mzazi kwamba haiwezekani anamkosea. Na walimu wa kompyuta wa mikoa yetu hii, somo hili lianzeni nalo. Halihitaji intaneti, na mtoto anaona kwa macho yake taa ikiwaka kwa nyuzi alizozipanga mwenyewe.

Waya wetu unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mashine ya kopi. Mzazi anayetaka kuuona, au kijana mwenye kompyuta zake mbili, apite jioni baada ya saa kumi na moja, wateja wakishapungua. Watoto watamwonyesha rangi zinavyopangwa.

Mama wa steshenari,
Mtanda, Lindi