Baba anasema nimemkopea dawa

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na saa kumi na mbili naingia zamu, lakini usingizi sina. Nimekaa jikoni, taa nimezima ili Baba asijue niko macho. Na yeye hajalala, namsikia anakohoa.

"Umenikopea dawa." Ndivyo alivyoniambia, mbele ya wanangu, na kaka yangu akisikia kwenye simu. "Umenikopea dawa, na nikifa leo naingia kaburini na deni." Ananiambia mimi, niliyemwogesha alipotoka hospitali.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kaka anavyolisimulia utadhani nimechukua mkopo benki kwa jina la mzee. Hizi bima za dawa za Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, unazijua. Mwaka huu wa 2026, mtu akishatoa dola 2,100 mfukoni mwake, dawa zilizo kwenye bima yake halipii tena mpaka mwaka uishe. Ni jambo jema. Lakini vidonge vya Baba ni vya saratani, bei yake haisemeki, kwa hiyo boksi la kwanza la Januari linamaliza 2,100 zote siku hiyohiyo, palepale dirishani. Nani ana pesa hiyo ya kutoa kwa mkupuo, na kodi ya nyumba inamsubiri? Sasa tangu 2025 kuna utaratibu wa kulipa kidogokidogo. Unaiomba kampuni ya bima, dukani hutoi hata senti, halafu bima inakuletea bili kila mwezi. Ukianza Januari, 2,100 inagawanywa kwa 12, unapata 175. Hakuna riba, hakuna faini ya kuchelewa. Haipunguzi kitu, hilo najua, jumla ni ileile. Lakini 175 naimudu, 2,100 siimudu. Na faida yake ni kuanza mapema, maana zinagawanywa kwa miezi iliyobaki. Ukijiunga Septemba una miezi minne tu. Ndiyo maana Desemba niliharakisha. Sikuwa na muda wa kuitisha kikao cha ukoo.

Kuhusu ile simu ya kumwandikisha, kaka anayoiita ujanja. Watu wa bima walitaka kuongea na mwenyewe. Kiingereza Baba hakijui, nikawa mkalimani. Nikamwambia, "Baba, ni mambo ya dawa zako, taja tarehe ya kuzaliwa kisha kubali." Akakubali. Sikumdanganya, Shangazi, ni mambo ya dawa kweli. Ningetaja bili ya kila mwezi angekataa, na Januari tungesimama pale dirishani tunatazamana.

Siku tunachukua boksi aliniuliza, "Mbona hujalipa?" Nikamwambia imeshalipwa. Bili ya kwanza niliiwahi kwenye sanduku la barua nikailipa. Ya pili ilifika niko kazini. Akampa mwanangu wa miaka kumi amsomee, na mtoto akasoma kama anavyosoma shuleni, kidole juu ya kila mstari: "Babu, unatakiwa ulipe 175. Halafu zitabaki 1,750." Nilimkuta Baba ameikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu. Mpaka leo iko humo. Kila akiinuka kwenda kuswali naona mkono wake unaipapasa.

Nimemwambia mara ngapi kwamba si riba. Ananijibu, "Nani duniani anakusubiri mwaka mzima bila kutaka cha juu?" Nimekosa la kumjibu. Nimekopea dawa, basi. Hivyo ndivyo nitakavyokumbukwa.

Kaka anataka nimtoe Baba kwenye huu utaratibu. Kumtoa ni kupiga simu moja tu, lakini zilizobaki tutadaiwa vilevile, tulipe zote au tuendelee kila mwezi. Kutoka hakufuti kitu. Hilo halisikii. Na katika maneno yote aliyosema juzi, hajasema "hizi hapa". Simwombi, na msaada wake siutaki. Ingawa angetoa hata nusu, haya yote yangekuwa yameisha.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana kikomo kilikuwa 2,000, na huu utaratibu nilikuwa siujui. Nilipitisha kadi yangu ya mkopo. Riba nimeilipa miezi minane. Baba alidhani ni akiba yangu, tuliporudi nyumbani akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu, mpaka nikalia. Mzee anayeogopa riba kuliko hata saratani amemeza mwaka mzima dawa iliyonunuliwa kwa riba, na hajui.

Nikimwambia, ataona tofauti. Ataelewa kwamba safari hii nimemtoa kwenye riba, sikumwingiza. Lakini je, ataweza kuniangalia tena? Na ile dua? Mara mbili nimefungua mdomo nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Nilianza kukuandikia ili nikuulize nimtoe au nisimtoe. Simtoi. Nimeshaamua. Ila akinishika mkono kesho akaniomba kwa ile sauti yake, najua nitapiga hiyo simu.

Tangu juzi hamezi vidonge. Anasema hamezi cha kukopa. Kibakuli chake kiko hapa mezani, vidonge viwili vimo, cha jana na cha juzi, na kukicha nitaweka cha tatu. Daktari wake sijampigia, nitampigia nikipata mapumziko kazini. Bili mwisho ni Ijumaa. Nijibu kabla ya hapo, Shangazi, hata kwa mstari mmoja: nianze na lipi, la mwaka jana au la mwaka huu?

Ni mimi, binti yake