Moyo kwenda mbio si malaria

Mhariri,

Mimi na dada yangu mkubwa tunauza dagaa, mukene, sokoni Busia upande wa Uganda. Mwaka jana alikuwa akimpimia mteja, gorogoro likamponyoka, akashika kifua. "Mdogo wangu, nakufa." Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, jasho likamtiririka. Baada ya muda akatulia. Wiki iliyofuata ikamrudia.

Kliniki moja ilimtibu malaria mara tatu, na kipimo hakikuonyesha kitu. Majirani wakasema amerogwa. Mtaji wetu ukaishia kwenye dripu na kwa mganga.

Muuguzi mmoja wa kituo cha afya ndiye aliyemketisha, akamuuliza: unalalaje? Unaogopa nini? Utotoni ulipigwa? Dada alilia mpaka leso ikalowa. Tulikulia nyumba ambayo mlango ukigongwa usiku sote tulijificha chini ya kitanda, na yeye ndiye aliyekuwa akituziba midomo tusilie.

Huu ni ugonjwa wa wasiwasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 ulikuwa umewapata watu milioni 301 duniani, milioni 58 kati yao watoto na vijana. Hakuna ugonjwa wa akili ulioenea kuuzidi, nao huwapata zaidi wanawake. Anayetibiwa ni kama mmoja kati ya wanne. Tusiwaite waoga. Aliyeteswa utotoni, aliyefiwa, aliyekimbia vita, mwenye maradhi ya kudumu au ndugu wa damu anayeugua wasiwasi, huyo yumo hatarini zaidi. Na nchi yetu imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu!

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inataka matibabu haya yapatikane kwenye vituo vya afya vya msingi. Ni haki yetu, maana Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ni mbali, na ukitaja tu jina hilo hapa sokoni watu wanakuona kichaa. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila kituo kina mtu wa kuuliza maswali kama yale.

Dada alikwenda kuzungumza na muuguzi yule kila Alhamisi kwa miezi minne, bila dripu hata moja. Sasa yupo kibandani tangu alfajiri. Muuguzi amehamishwa, na chumba chake kimefungwa kufuli tangu Januari.

Muuza dagaa,
Busia, Uganda