Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ruzuku ya Utafiti na Hesabu ya Kunukuliwa

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Vikao vya kusoma makala vimeendelea kila mwezi, isipokuwa Ramadhani tulipokubaliana kupumzika. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililoichukulia kamati muda mrefu kuliko yote: ruzuku ya utafiti apewe nani, na kwa kigezo gani.

Miaka iliyopita tuliwapanga waombaji kwa fahirisi ya h, kipimo alichokitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye makala 10, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara 10, anapata 10. Namba hiyo hupatikana upesi kwenye intaneti na inaonekana haina upendeleo. Mimi ndiye niliyeitetea kamatini. Mwaka huu nimebadili msimamo, na ni haki yenu kujua sababu.

Katika kikao kimojawapo tulisoma makala ya Barry Marshall na Robin Warren iliyotoka kwenye jarida la The Lancet Juni 1984. Walichunguza wagonjwa 100 waliofanyiwa endoskopi, yaani kuangaliwa ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera, huko Perth, Australia, wakakuta bakteria waliopinda kwa karibu kila mwenye vidonda vya tumbo. Wakati huo madaktari walifundishwa kwamba vidonda vinaletwa na asidi na mawazo. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, na mwaka 2005, uleule wa fahirisi ya Hirsch, wawili hao walitunukiwa Nobel.

Lakini turudi 1983. Marshall alikuwa daktari wa miaka 31, bado yuko mafunzoni. Aliipeleka ikisiri, yaani muhtasari, ya kazi yake kwenye chama cha wataalamu wa mfumo wa chakula cha nchini kwake. Akajibiwa kwamba ikisiri zilizopokelewa ni 67 na zilizokubaliwa ni 56. Yake haikuwamo. Habari hiyo ilinikaa moyoni, maana chama kile ni kama hiki chetu, na walioamua walikuwa wasomi wa kweli. Kwetu sisi angeangukia mlangoni. Mwenye makala 3 hawezi kupata zaidi ya 3 kwa fahirisi ya h, hata kama moja kati ya hizo imegeuza tiba ya dunia nzima.

Jambo la pili tunaliona kila siku kazini. Tunachukua kinyama kutoka tumboni mwa mgonjwa, kidogo kuliko punje ya mchele, tunakizamisha kwenye jeli ya manjano yenye urea, tunasubiri. Bakteria yule wa vidonda akiwemo, anaivunja urea, amonia inatoka, na rangi ya waridi inaanza kutambaa kuzunguka kile kinyama. Kipimo hicho alikibuni Marshall. Muuguzi anayeandika "chanya" kwenye rejesta hamnukuu mtu, wala hapaswi. Matumizi ya namna hiyo hayaingii kwenye fahirisi yoyote, ingawa ndiyo yaliyomfikia mgonjwa.

Kwa hiyo kamati inapendekeza maombi yasomwe. Kila mwombaji atuletee makala moja au rasimu, pamoja na kurasa zisizozidi mbili za kueleza swali lake, na wajumbe wawili wazisome bila kuona jina. Fomu haitauliza amenukuliwa mara ngapi. Wajumbe wenye zamu za usiku wamelalamika kwamba kazi itaongezeka, na wana haki. Sisemi kwamba hesabu za nukuu ni upuuzi. Nikitaka kujua nani mwingine anashughulikia saratani ya umio katika ukanda wetu, huanza kwa kufuata nani kamnukuu nani, na hunifikisha mbali. Ila hazinisaidii kumpima mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza.

Mwaka jana muuguzi wa hospitali ya wilaya aliomba fedha kidogo za kupanga rejesta za miaka ya nyuma za wagonjwa walioshindwa kumeza chakula. Tulimweka mkiani kwa kuwa hakuwa na makala hata moja. Nimempigia simu kumwomba radhi kwa niaba ya kamati. Rejesta bado anazo, kazifungia kabatini zisiliwe na mchwa, na amekubali kuomba tena.

Fomu mpya ziko kwa katibu. Mkutano ukiridhia utaratibu huu, tutaanza kuzipokea wiki ijayo.